Bustani za Kibosho na Asili ya Ushirika Wetu

Wako wanaodhani kuwa ushirika uliletwa Kilimanjaro na kahawa. Sivyo. Kabla ya kahawa, wazee wa Kibosho walikwisha kuchimba mifongo, yaani mifereji ya kuteremsha maji ya mlimani mpaka vihambani. Kila mwenye kihamba alikuwa na zamu yake ya maji, na siku ya kusafisha mfongo ilimpasa atoke na jembe lake.

Kahawa ilipofika ilipandwa chini ya migomba, katika bustani zilezile. Ndipo wakulima walipong'amua kuwa mdudu wa mibuni haheshimu mpaka wa masale: mmoja akizembea, jirani huumia. Haja ya kupambana na wadudu hao ilikuwa miongoni mwa sababu za kuundwa K.N.P.A. mwaka 1925, kisha ikafuata K.N.C.U. mwaka 1933. Vyama vikuu vya ushirika vilivunjwa mwaka 1976, vikarudishwa katika miaka ya 1980. Lakini muda huo wote vihamba havikuacha kuhitaji mikono ya majirani.

Basi, katika kuadhimisha miaka hii kumi, yafaa kila chama kitenge siku moja ya mwezi, wanachama watembeleane: baada ya mavuno, kupogoa mibuni, kabla ya kiangazi, kusafisha mfongo, mwezi mwingine, kuzuru Lyamungu, kituo cha utafiti wa kahawa tangu 1934. Vijana nao waandamane na wazee. Asiyeonyeshwa mfongo hatajua kuulinda. Na mfongo ukifa, kihamba hukauka.