Kunyoa, Kungoa, Kuchoma: Nywele za Mwili tangu Wembe mpaka Laseri

Swali moja linasikika sasa kati ya vijana wetu, wanaume na wanamuke: je, laseri ya kuondoa nywele inafaa kujaribiwa? Wazee wengine wanajibu mbio kwamba ni mambo ya Wazungu. Hapana. Laseri ndiyo mupya, lakini kazi yenyewe ni ya zamani, tena ya kwetu Afrika. Herodote, Mugriki wa karne ya 5 mbele ya Yesu, aliandika kwamba makuhani wa Misri walinyoa mwili muzima kila baada ya siku moja. Uislamu unafundisha kuondoa nywele za kwapa na za siri, zisipite siku 40, na desturi hiyo ilifika Maniema katika karne ya 19 pamoja na misafara ya pwani. Na mu vijiji vyetu vingi kichwa kilinyolewa wakati wa kilio. Nywele zilirudi pole pole, na kurudi kwake kulikuwa sehemu ya desturi: mutu alionekana anatoka katika huzuni.

Ahadi ya kuziondoa kwa milele ilikuja nyuma. Mwaka wa 1875, Charles Michel, munganga wa macho wa Saint Louis kule Marekani, alitumia sindano ya umeme kuua kope zilizoota kuelekea jicho, moja moja. Kazi ya uvumilivu! Mwaka wa 1896, kule Vienna, Leopold Freund aliangazia mionzi ya X mugongo wa mutoto mwanamuke uliojaa nywele. Nywele zilianguka, lakini mugongo ukapata kidonda kibaya. Juu ya hiyo, watu wangeogopa. Lakini katika miaka ya 1920 nyumba za urembo za Marekani ziliuzia wanamuke mionzi hiyo hiyo, wakiambiwa haiumi. Kweli haikuuma siku ile. Makovu na kansa vilikuja kisha miaka mingi.

Laseri si mionzi ya X; ni mwanga tu. Theodore Maiman aliwasha ya kwanza mwaka wa 1960. Mwaka wa 1983 Rox Anderson na John Parrish walieleza namna mwanga unavyoweza kuchoma kitu kimoja ndani ya ngozi bila kuharibu kilicho kando, na katika miaka ya 1990 mashine za nywele zikaanza kuuzwa. Mwanga unatafuta melanini, ile rangi nyeusi ya unywele, unageuka moto na kuchoma shina.

Hapo ndipo sisi tusimame kidogo. Melanini iko pia katika ngozi yetu, tena nyingi. Mashine za kwanza zilifaa ngozi nyeupe yenye nywele nyeusi. Kwa mutu mweusi mwanga ule unashikwa juu juu, na ngozi inaungua ao inabaki na madoa. Hata kipimo cha ngozi ambacho waganga wanatumia, cha Thomas Fitzpatrick, kilianza mwaka wa 1975 na ngozi nyeupe tu; ngozi za kahawia na nyeusi ziliongezwa nyuma. Leo laseri iitwayo Nd:YAG, yenye mawimbi ya nanometa 1064, inapita juu ya ngozi na kushuka ndani zaidi. Hiyo ndiyo inayofaa zaidi kwetu.

Mimi naona inafaa hasa kwa mwanaume anayeteswa na vipele vya ndevu, kwa sababu nywele zetu za kujikunja zinarudi kuchoma ngozi baada ya kunyolewa. Mwanamuke anayeota ndevu amwone kwanza munganga: pengine ni homoni, na kama hazikutunzwa, nywele zitarudi. Kila mutu ajue kwamba laseri inapunguza, haimalizi. Inaomba kurudia mara sita ao zaidi, kila mara kisha majuma kadhaa, kwani nywele hazikui zote pamoja. Mzee wa mvi asipoteze feza yake. Unywele usio na rangi laseri haiuoni.

Mbele ya kulipa, uliza jina la mashine. Omba wajaribu mahali padogo pa ngozi, kisha ungoje siku kadhaa uone kama doa linatokea. Wakikataa jaribio hilo, rudi nyumbani na feza yako.