Kayaki ya bahari: Mambo ya kuzingatia unapobadilisha chombo

KAYAKI ni chombo chembamba cha kuendeshwa kwa kafi kilichobuniwa na Wainuiti wa Greenland na kaskazini mwa Kanada. Wao walikiunda kwa fremu ya mbao au mifupa na kukivika ngozi za sili. Siku hizi huundwa kwa plastiki, faibaglasi au nyuzi za kaboni.

Anayejifunza huanza na chombo kifupi cha maji matulivu, chenye urefu wa mita tatu hivi na upana wa sentimita 70 au zaidi. Kayaki ya bahari kwa kawaida huwa na urefu wa mita 4.8 hadi 5.5 na upana wa sentimita 52 hadi 60. Urefu huipa kasi na kuiwezesha kushika njia.

Wembamba huo huwatia hofu wanunuzi, kwani chombo huyumba mara mtu anapoketi. Hata hivyo, uthabiti una sura mbili. Chombo kipana hutulia kwenye maji shwari, lakini wimbi likiinuka ubavuni, nacho huinama nalo. Chembamba kilichoundwa vyema humwezesha mwendeshaji kubaki wima huku wimbi likipita chini yake.

Kuhusu malighafi, plastiki hustahimili mikwaruzo, ila ni nzito, mara nyingi kilo 25 hadi 30, na hudhoofishwa na jua kali. Faibaglasi ni ngumu zaidi, hukata maji vizuri na ikitoboka huzibika. Kaboni ni nyepesi, lakini bei yake ni ya juu mno. Katika pwani kama ya Kenya, ambako miamba ya matumbawe hujitokeza maji yanapokupwa, plastiki huvumilia zaidi.

Aidha, upepo wa ubavuni huigeuza omo, yaani sehemu ya mbele, ielekee upepo unakotoka. Kwa hiyo mnunuzi achague chombo chenye usukani, au chenye pezi linaloshushwa chini ya tezi, ambayo ni sehemu ya nyuma.

Jambo la kukaguliwa kwa makini kuliko yote ni kuta za ndani zinazotenga vyumba visivyopenyeza maji, mbele na nyuma ya kiti. Kayaki isiyo na vyumba hivyo ikipinduka hujaa maji, na kuyatoa ukiwa baharini ni vigumu mno.

Bahari haishi zinge. Kabla ya kulipa, mnunuzi akijaribu chombo karibu na ufuo, akiwa na mwenzake na amevaa jaketi la kuokoa maisha. Akipindue kwa makusudi, kisha ajaribu kupanda tena bila kusaidiwa. Akishindwa, chombo hicho, hata kiwe kizuri namna gani, bado si chake.