Sanaa dhahania ya kijiometri ya kompyuta

Sanaa dhahania ya kijiometri ya kompyuta ni picha zinazoundwa kwa programu kwa kutumia mistari, miraba, maduara na pembetatu, bila kuonyesha mtu wala kitu halisi. Inafuata wachoraji wa Ulaya wa mwanzo wa karne ya 20, hasa Kazimir Malevich, aliyeonyesha "Mraba Mweusi" mwaka 1915, na Piet Mondrian wa Uholanzi.

Historia

Mwaka 1964 mhandisi Mmarekani A. Michael Noll wa Bell Labs alitengeneza kwa kompyuta picha inayofanana na mchoro wa Mondrian wa mwaka 1917. Watu 100 walionyeshwa nakala za picha zote mbili: 59 walipenda zaidi ile ya kompyuta, na 28 tu walitambua ipi ilikuwa ya mashine. Hapo likazuka swali: msanii ni mashine, au ni aliyeandika kanuni zake?

Unguja

Pambo la hesabu si geni Unguja. Msusi wa mikeka huhesabu kindu za rangi ili maumbo ya ukili yajirudie sawasawa, na mshonaji wa kofia hupanga viua vyake kwa safu zinazolingana. Katika Mji Mkongwe, uliotangazwa Urithi wa Dunia na UNESCO mwaka 2000, mafundi walichonga milangoni maua na maduara yanayojirudia. Mapambo hayo hayakutoka kwa wachoraji wa Ulaya. Kanuni zake hukaa kichwani mwa fundi, na hurithiwa kwa kutazama na kutenda. Zile za kompyuta huandikwa katika programu.