Kukata Wanga

Kabohaidreti ni kundi la virutubisho lenye sukari, wanga na nyuzinyuzi. Wanga basi ni tawi moja tu, ingawa kwa mazoea tumelipa kundi zima jina lake. Mazoea hayo yana madhara yake. Kendwa, Unguja, ambako muhogo wa nazi ni mlo wa kushiba, mtu anaweza kuacha muhogo, majimbi na wali, akaendelea na soda, akaamini amekata wanga. Mwingine huacha hadi kunde na matunda, akakosa nyuzinyuzi, choo kikamfunga.

Kinachonitia hofu zaidi ni hicho kitenzi, kukata. Kabohaidreti ikipungua sana, mara nyingi chini ya gramu 50 kwa siku, akiba ya glukosi iliyomo kwenye ini huisha, na ini huanza kugeuza mafuta kuwa ketoni. Hali hiyo ni ketosisi. Kwa mtu mzima wa afya si ugonjwa. Mwaka 1921 Russell Wilder wa Mayo Clinic, Marekani, alipendekeza itumike kutibu kifafa, na hadi leo tiba hiyo hufanywa chini ya uangalizi wa daktari. Ketoasidosisi ni jambo jingine kabisa. Ketoni huzidi hadi damu ikawa na asidi nyingi; mgonjwa hutapika, huhema kwa nguvu, na asipowahiwa hufa. Majina haya mawili yasichanganywe hata kidogo.

Mwenye kisukari anayetumia insulini au glibenklamidi akiacha wali ghafla, dawa ikabaki ileile, sukari humshuka: jasho, kutetemeka, kuzimia. Anayetumia dawa ya kisukari iitwayo dapagliflozini anaweza kupata ketoasidosisi huku kipimo cha sukari hakitishi, ndiyo maana huchelewa kutambuliwa. Mama anayenyonyesha naye asijaribu kukata wanga, kwani glukosi yake ndiyo hutengeneza sukari ya maziwa.

Kwa maandishi ya kitaalamu napendelea “mlo wenye kabohaidreti kidogo”. Kwa mgonjwa tuseme “kupunguza wanga na sukari”. Anayeambiwa akate huenda nyumbani akakata. Anayeambiwa apunguze huuliza kwa kiasi gani, na jibu linategemea dawa anazotumia. Wa Kendwa aulize hospitali ya Kivunge kabla ya kubadili sahani yake, na aende na dawa zake zote mkononi.