Biskuti za asali za kutundika kwenye mti wa Krismasi: Jinsi ya kuoka Tabora zisilegee

Biskuti za kupamba mti wa Krismasi hukatwa kwa umbo la nyota, kengele au moyo, zikatobolewa tundu la kupitishia uzi. Wajerumani wamezioka kwa asali na viungo kwa karne nyingi. Tabora mahitaji yake si ya kutafuta mbali: asali ya miombo inatoka Sikonge na Urambo, karafuu inatoka Zanzibar.

Tatizo ni mvua. Asali inavuta unyevu hewani, na Krismasi ya Tabora inaangukia katikati ya msimu wa mvua. Biskuti iliyotoka jikoni kavu kabisa inaweza kulegea baada ya siku moja au mbili, tundu likachanika na nyota yako ikawa sakafuni. Kwa hiyo hapa asali ni ya ladha na rangi tu, utamu mwingi utoke kwenye sukari.

Chukua unga wa ngano gramu 400, sukari gramu 100, siagi gramu 125, asali vijiko 3 vya chakula na yai 1. Weka tangawizi ya unga na mdalasini kijiko kimoja kimoja cha chai, karafuu ya kusaga kidogo sana. Hamira usiweke, biskuti ikiumuka inapoteza umbo. Kanda, funika, acha nusu saa. Sukuma unene wa nusu sentimita, kata, kisha toboa kwa mrija, sentimita moja kutoka ukingoni. Ukitoboa karibu zaidi ya hapo, itakatika tu.

Mwenye oveni aoke nyuzi 170 kwa dakika 12 hivi. Asiye nayo atumie sufuria kubwa yenye mchanga mkavu chini: ipashe moto robo saa, ingiza sahani ya bati yenye biskuti, funika, weka mkaa juu ya mfuniko. Mkaa wa juu uwe mwingi kuliko wa chini. Ukizubaa zinaungua upande mmoja, maana asali inawahi kubadilika rangi. Kuunguza chakula cha sikukuu kuna kisa chake: Krismasi ya 1871 pale Ujiji, Stanley na Livingstone waliharibikiwa chakula cha sikukuu baada ya mpishi wao, Ferajji, kuunguza nyama na kastadi.

Zikitoka, toboa tena tundu haraka zikiwa za moto, kwa sababu huwa linajifunga. Zikipoa, zirudishe kwenye moto mdogo dakika 10 zikauke hadi ndani. Hatua hii wengi wanairuka, na ndiyo inayoziokoa.

Rangi nyeupe ya kuchorea ni sukari ya unga iliyokorogwa na maji ya limao hadi iwe nzito. Iache ikauke usiku mzima kabla ya kupitisha uzi wa pamba.

Zihifadhi kwenye kopo lenye mfuniko unaobana, zitundike tarehe 24 jioni, si wiki moja kabla. Mti uwe mbali na ukuta na matawi yasiuguse, la sivyo sisimizi watafika kabla ya wageni. Zikilegea, zirudishe kwenye sufuria ya moto dakika 5.