Kigezo cha Ubora: Unene Ukipimwa, Nani Anahesabiwa?

Katika huduma za unene uliokithiri, kipimo na kigezo ni vitu viwili. Kipimo humhusu mgonjwa: uzito kwa kilo, ugawanywe kwa kipeo cha pili cha urefu kwa mita. Mwenye kilo 80 na urefu wa mita 1.60 hupata 31.25. Kwa Shirika la Afya Duniani, mtu mzima akifika 25 uzito umezidi. Akifika 30, huo ni unene uliokithiri.

Kigezo cha ubora humhusu mtoa huduma. Huandikwa kama sehemu: asili ni wagonjwa wote wanaostahili huduma, kiasi ni wale waliotimiziwa. Marekani, mpango wa malipo wa MIPS ulioanza 2017 chini ya Medicare, bima ya afya ya serikali kwa wazee, umekuwa na kigezo cha namna hii: mtu mzima apimwe, na akiwa nje ya kiwango cha kawaida, uandikwe mpango wa ufuatiliaji. Wajawazito hawahesabiwi. Alama za daktari huongeza au kupunguza malipo yake.

Tuseme zahanati ya Mji wa Kale, Mombasa, ina watu wazima 200. Waliopimwa ni 170: 120 wako sawa, 50 wamezidi, na kati ya hao 20 tu wana mpango. Ukihesabu mizani peke yake, zahanati imepata asilimia 85. Ukihesabu kigezo kizima, ni 140 kwa 200, yaani asilimia 70. Tofauti hiyo ni watu 30 walioambiwa uzito wao wakaachwa waende zao. Hata lori likizidi uzito pale mizani ya barabarani ya Mariakani, haliandikiwi namba tu likapita.

Kenya jambo hili ni letu. Utafiti wa kitaifa wa afya wa 2022 ulikuta asilimia 45 ya wanawake wa miaka 20 hadi 49 wana uzito uliozidi au unene uliokithiri. Tangu Oktoba 2024, Mamlaka ya Afya ya Jamii (SHA) imeshika nafasi ya NHIF, mfuko wa zamani wa bima ya afya, na huduma za msingi zina mfuko wake.

Basi fedha za mfuko huo zifuate kigezo kizima. Mgonjwa wa Kibokoni au Kilindini apangiwe mlo kwa kuanzia na mahamri, mbaazi za nazi na viazi karai anavyovila kweli, apewe tarehe ya kurudi, na akizidiwa aandikiwe rufaa. Kituo kilichofanya hivyo ndicho kilichotoa huduma, na ndicho kinachostahili alama.