Samaki wa Birikani

Historia ya samaki wa nyumbani huandikwa kana kwamba ilianzia kwenye kioo. Husimuliwa kwamba mwaka 1832, huko Messina katika kisiwa cha Sicily, Mfaransa Jeanne Villepreux-Power alitengeneza masanduku ya kioo ili amchunguze argonauta, jamaa wa pweza. Uingereza ikafuta kodi ya kioo mwaka 1845, vioo vikashuka bei. Bustani ya wanyama ya London ikafungua nyumba ya samaki mwaka 1853, na mwaka uliofuata Philip Henry Gosse akatoa kitabu kilichozifanya familia za tabaka la kati kutamani kipande cha bahari sebuleni. Kila hatua hapo ni ya kweli. Kasoro ni kwamba masimulizi haya humchukulia samaki wa nyumbani kuwa kitu cha kutazamwa tu, na mwenye kuanza na kioo lazima amalizie kwenye macho. Pwani ya Waswahili ina ushahidi wa namna nyingine. Katika nyumba za mawe za Lamu samaki aliishi ndani kwa vizazi vingi, nyuma ya kuta nene za matumbawe na chokaa, na hakuwekwa humo kwa ajili ya kutazamwa. Aliwekwa afanye kazi. Hoja yangu ni kwamba samaki huyo wa kazi aliwafaa wenye nyumba kuliko samaki wa pambo, na kwamba faida ambayo leo tunaitafuta kwenye tangi la kioo ilikuwa tunda la ile kazi.

Tuanze na chombo chenyewe. Nyumba ya mawe ya Lamu, nazo nyingi zilizosalia ni za karne ya 18, imepangwa kwa tabaka za siri: daka kwa nje, kisha kiwanda, yaani ua ulio wazi juu, kisha kumbi za misana, kisha chumba kiitwacho ndani, na chumba cha kuogea kikiwa upande wa faragha. Humo ndimo lilimojengwa birika, hodhi la mawe lililopigwa lipu ya chokaa, ambalo maji yake yalichotwa kwa kata ya kuogea na kutawadhia. Chini kabisa, katika sakafu ya birika, fundi alizamisha bakuli la kaure kutoka China. Maji yalipopungua, au birika lilipotolewa maji ili lisuguliwe, bakuli lile lilibaki limejaa, na samaki wadogo wakajikusanya humo wakisubiri maji mapya. Ni ubunifu mdogo unaoeleza mengi. Mtu asiyejali kama samaki wataishi au watakufa hahangaiki kuwajengea kimbilio, tena kimbilio la kudumu, lililoshikizwa kwa chokaa siku ile ile nyumba inapojengwa. Samaki hao walikuwa kwenye ramani ya nyumba tangu mwanzo, sawa na ngazi na mlango.

Kazi yao ilikuwa kula viluwiluwi vya mbu. Maji yaliyotulia, yenye kivuli, ndani ya nyumba ya watu, ni mahali pazuri mno kwa mbu kutagia. Ronald Ross alipothibitisha mwaka 1897, akiwa India, kwamba mbu hubeba vimelea vya malaria, mabirika ya Lamu yalikwisha kuwa na walinzi wake. Sidai kwamba wajenzi wa Lamu walijua siri ya Ross. Kujua kwamba maji yasiyo na samaki huzaa mbu, na kwamba mbu humnyima mtu usingizi, kulitosha. Lakini faida haikuishia kwenye usingizi. Kati ya mwaka 1952 na 1953, katika uwanda wa juu wa Makonde kusini mwa Tanganyika, ambako maji ni ya taabu na watu huyaweka akiba majumbani, ulizuka ugonjwa wa homa na maumivu makali ya viungo ambao sasa dunia nzima inauita chikungunya. Mbu anayeueneza mijini, Aedes aegypti, hupenda kuzaliana kwenye vyombo vya maji vya nyumbani. Ugonjwa huo uliifikia Lamu mwaka 2004. Uchunguzi wa damu uliofanyika baadaye ulikadiria kwamba takriban asilimia 75 ya wakazi wa kisiwa, kama watu 13,500, walikuwa wameambukizwa, na watafiti wakauhusisha mlipuko huo na ukame: watu walikuwa wameweka maji kwenye vyombo bila kuvibadilisha mara kwa mara. Mji uliokuwa na desturi ya kutia samaki kwenye maji ya akiba ulishikwa na ugonjwa wa maji ya akiba. Haiwezekani kusema kwamba samaki wangeuzuia mlipuko ule, kwani sehemu kubwa ya maji ya siku hizi imo kwenye madumu na mapipa ambamo samaki hawatiwi. Hata hivyo tukio lenyewe linaonyesha kwamba desturi ile ililenga panapostahili.

Msomaji makini atasema ninalipamba birika kupita kiasi, na kwa sehemu atakuwa na haki. Mbu mkuu wa malaria katika pwani yetu hutaga zaidi nje, kwenye madimbwi ya mvua na maji ya wazi yenye jua, si birikani. Mbu wa matende na busha, yule Culex, hustawi katika mashimo ya vyoo, mahali ambapo hakuna samaki wa kuvumilia. (Mwishoni mwa miaka ya 1980, huko Makunduchi, Unguja, watafiti walilikabili tatizo hilo kwa kumwaga punje za povu la plastiki juu ya maji ya vyoo vya shimo, zikatanda na kuwanyima mbu pa kutagia. Mtu wa kale wa Lamu angeelewa mantiki yake mara moja.) Kwa hiyo samaki wa birikani hakuwa dawa ya mji mzima. Alikuwa mlinzi wa hodhi moja, na katika hodhi hilo moja alifanya kazi usiku na mchana bila kununuliwa chakula.

Pingamizi zito zaidi ni hili: kama samaki alikuwa chombo cha usafi, basi hana uhusiano na raha ya moyo wala utulivu wa familia. Jibu lipo kwenye kaure. Kimbilio la samaki lingeweza kuwa shimo lililochongwa sakafuni, au chungu cha udongo cha kawaida. Badala yake liliwekwa bakuli lililovuka bahari, la aina ile ile iliyopangwa kwenye zidaka za ukutani ili wageni waione. Ndani ya birika hakuna mgeni wa kuliona. Wanaoliona ni watu wa nyumbani peke yao, kila wanapoinama kuchota, na juu ya ua la buluu lililochorwa bakulini wanaona samaki akipita. Nani hugharimia urembo chini ya maji, katika chumba cha faragha, kama hautarajii kumfurahisha mtu? Tofautisha na birika la pembe nane la Husuni Kubwa, Kilwa, lililojengwa mwanzoni mwa karne ya 14 katika kasri la Sultani al-Hasan bin Sulaiman. Lile lilitangaza utajiri wa mfalme. La Lamu lilikuwa furaha ya kimya ya watu wa ndani.

Sayansi ya leo, tukiisoma kwa uaminifu, haimpi samaki wa kutazamwa ushindi mkubwa. Katika miaka ya 1980 Aaron Katcher na wenzake huko Marekani waliona kwamba wagonjwa waliotazama tangi la samaki kabla ya kufanyiwa upasuaji wa meno walitulia zaidi. Mwaka 2015 utafiti uliofanywa Plymouth, Uingereza, ulionyesha mapigo ya moyo na shinikizo la damu vikishuka kwa watu waliosimama mbele ya tangi, na samaki walipoongezwa watu walikaa zaidi na hali yao ya moyo ikawa njema zaidi. Lakini lile lilikuwa tangi kubwa la jumba la maonyesho, na mapitio ya tafiti za namna hii yaliyochapishwa mwaka 2019 yalikuta matokeo mchanganyiko. Jambo hili halinishangazi. Kutazama ni sehemu nyembamba ya uhusiano wa mtu na samaki. Birika liliongeza kilichobaki: kukumbuka kutolikausha lote, kuwaachia samaki maji yao siku ya kusugua, kung'amua kwamba samaki wanaopanda juu kutweta ni dalili ya maji kuharibika. Anayefanya hayo kila siku, awe mtu mzima au mtoto aliyetumwa kuchota, anajifunza hali ya maji ya nyumba yake bila kufundishwa somo.

Wengine watauliza kuhusu tohara. Inakuwaje maji ya kutawadhia yawe na viumbe ndani? Pwani yetu ni ya madhehebu ya Shafii, na kwa fiqhi hiyo samaki ni tohara akiwa hai na akiwa mfu. Maji yakifikia kipimo cha kula mbili, takriban lita 200 kwa makadirio ya wengi, hayanajisiki mpaka yabadilike rangi, ladha au harufu. Birika lililojengwa vizuri lilikipita kipimo hicho, na samaki, kwa kula viluwiluwi, walisaidia maji yasiingiliwe na uchafu. Dini na afya hazikuvutana hapo.

Palipo na uzito ambao hauondoki ni kwenye swali la nani alijaza birika. Nyumba za mawe zilikuwa za waungwana, na maji kutoka kisimani yalibebwa na watumwa. Utumwa ulifutwa kisheria Zanzibar mwaka 1897 na katika pwani ya Kenya mwaka 1907, kwa hiyo kwa muda mrefu utulivu wa ndani ulilipiwa na mgongo wa mtu aliyelala kwingine. Anayelisifu birika bila kulitaja hilo anasifu nusu ya picha. Ila ukweli huo unahukumu mpango wa kazi, hauhukumu samaki. Hodhi, samaki wachache na kimbilio sakafuni si vitu vinavyodai utajiri. Kaure ndiyo iliyokuwa ya matajiri.

Wala kioo hakikuwa bila dhambi. Edmund Gosse, mwana wa yule mwandishi wa 1854, aliandika mwaka 1907 kwa uchungu jinsi wapenzi wa matangi, waliochochewa na vitabu vya baba yake, walivyoyakwangua mabwawa ya miambani ya Devon hadi yakabaki matupu. Biashara hiyo ilipokua ilitufikia na sisi: samaki wa rangi wa Ziwa Tanganyika walisafirishwa kutoka Bujumbura kwenda Ulaya na Marekani, na Nothobranchius guentheri, samaki mdogo wa madimbwi ya mvua ya Unguja ambaye mayai yake hustahimili kiangazi ndani ya tope, akawa mgeni wa kawaida katika sebule za Wajerumani. Huko anapendwa kwa mkia wake mwekundu. Ulaji wake wa viluwiluwi, ambao ndio ungemfaa mtu wa pwani, huko si hoja.

Kilicholiondoa birika ni bomba, na baada ya bomba, tangi la plastiki juu ya paa. Kwa kuzuia mbu, mfuniko unaobana ni bora kuliko samaki, na hakuna sababu ya kulikana hilo kwa mapenzi ya kale. Lakini nyumba nyingi za pwani bado zina hodhi la saruji uani lisilo na mfuniko, kwa sababu bomba halitoi maji kila siku, na ni kwa hodhi hilo hasa kwamba ujuzi wa Lamu unafaa. Sharti moja tu limeongezwa na karne ya 20: samaki awe wa mahali hapo. Gambusia, samaki wa Marekani aliyesambazwa duniani kote ili ale viluwiluwi, alitorokea kwenye mito na mabwawa na kuwaangamiza samaki wenyeji wa humo katika nchi nyingi, na mwenye hodhi lililo karibu na mfereji hapaswi kuanza naye.